Simu Mpya Iliyomeza Vipimo vya Sendofu ya Tunu

"Mwanaume mzima wa Kimakonde unavuka mipaka kwenda kusomea sketi?"

Hayo ni maneno ya baba yangu mdogo, aliyoyasema mbele ya ukoo siku nilipoaga kwenda Afrika Kusini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi akaongeza kwamba nisingefika hata Zambia. Rafiki zangu wa kijiweni hapa Temeke wao walikuwa wameshanipangia mwisho wangu: ama nitarudi na hereni sikioni, ama nitarudi kwenye sanduku.

Ndugu wasomaji, nilirudi na stashahada!

Jina langu ni Selemani. Nina miaka thelathini na minane, nimeoa, na nina fremu yangu, chumba cha biashara ya ushonaji, hapahapa Temeke. Ubunifu wa mavazi nilisomea Johannesburg huku nikifagia saluni za watu na kulala kwenye stoo ya vitambaa. Hakuna aliyenishika mkono. Cheti changu nimekitundika ukutani mahali ambapo mteja akiingia tu lazima akione. Kwa hilo pia walinicheka, wakanibatiza jina la Diploma. Sikukasirika. Wewe ungekasirika kuitwa kwa jina la kitu ulichokitolea jasho?

Nayasema haya ili mjue nilianguka kutoka juu kiasi gani.

Mafundi wengi wa kwetu hupokea nguo ya kipimo. Mteja analeta gauni lake linalomkaa vizuri, fundi analilaza mezani, analipima, kisha anashona jipya kwa kulifuata lile la zamani. Anaweza kumshonea mtu miaka na miaka asimjue hata sura. Mimi nilikuwa nikiudharau utaratibu huo kuliko kitu chochote. Mtu amesoma, ana futi ya kupimia shingoni, ana simu janja mfukoni, halafu afuate gauni kuukuu? Nikaandika kibao kwa rangi nyekundu, nikakitundika kwenye msumari mlangoni: HATUPOKEI NGUO YA KIPIMO. HAPA TUNAPIMA KISASA.

Kisasa chenyewe kilikuwa hivi. Nilikuwa na programu ya kuandikia kumbukumbu ndani ya simu. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa gauni, urefu wa mkono. Chini niliongeza na mambo madogomadogo, kwamba huyu anapenda kiuno kilegee, huyu bega la kushoto limeshuka. Nilianza kuitumia kulekule Johannesburg na sikuwahi kushika daftari tena.

Jirani yangu Bi Pili, fundi wa yunifomu za shule, aliwahi kuniuliza, "Sasa Diploma, hiyo simu ikifa je?"

Nikamcheka. "Bi Pili, vitu havikai kwenye simu. Vinakaa mtandaoni. Simu ni dirisha tu la kuchungulia."

"Haya bwana wewe uliyechungulia," akanijibu, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Nikaona nimemshinda kwa hoja...

Basi, ikaja sendofu ya Tunu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi.

Tunu ni binti wa Mama Tunu, jirani ya marehemu mama yangu. Nikiwa Sauzi, mama aliugua muda mrefu, na aliyempikia uji, aliyemfulia, aliyemgeuza kitandani alikuwa Mama Tunu. Mimi mwanaye nilikuwa mbali nikitafuta maisha. Mama alipofariki sikuwahi hata mazishi. Niliporudi nilikwenda kwa Mama Tunu, nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, siku Tunu akiolewa, sare zote za wanawake nitashona mimi. Hutatoa hata senti ya ufundi." Alilia. Na mimi nililia.

Sasa siku hiyo ilikuwa imefika. Wanawake zaidi ya ishirini, shangazi, mama wadogo, majirani na marafiki, wote walinunua kitenge cha aina moja. Kamati ilikuwa imekwenda Kariakoo na kubeba mzigo wote wa kitambaa kile, rangi ya zambarau yenye maua ya dhahabu. Hakikubaki kipande dukani. Kila mmoja alikuwa na kipande chake kinachotosha gauni moja tu. Ukikikata vibaya, umemwacha mtu bila sare.

Niliwapima uani kwa Mama Tunu, siku moja, wote kwa pamoja. Ilikuwa furaha! Wanawake wamepanga foleni, mimi na futi yangu, kila namba naiingiza kwenye simu.

"Diploma, kiuno changu usikitaje kwa sauti, kuna wabaya wangu hapa!"

"Andika kifua, braza, lakini macho yaangalie futi!"

Wakacheka, nikacheka. Mama Tunu alikuwa amekaa kwenye kigoda akinitazama kama mtu anayemtazama mwanaye. Nilijiona nimefika.

Na ndipo shetani wa majivuno aliponiingia.

Simu yangu ilikuwa imechakaa. Kioo kilikuwa na ufa na betri ilikata moto kabla ya adhuhuri. Nikawaza, siku ya sendofu nitawapiga picha wateja wangu kwa simu hii ya aibu? Mke wangu Rukia aliniambia, "Si umalize kwanza sare za watu, baba? Simu haiozi dukani." Sikumsikiliza. Nilikwenda Kariakoo, nikatoa simu ya zamani, nikaongezea hela, nikapewa simu mpya yenye macho matatu mgongoni.

Muuzaji alinihamishia vitu palepale. Majina ya watu yakahama. Picha zikahama. Nikamwuliza, "Na kumbukumbu zangu?"

"Kila kitu kinahama chenyewe, braza. Ukifika home fungua tu, utakuta vimejaa."

Nikamwamini. Jamani... kwa nini sikufungua palepale mbele yake?

Nilifika kazini, nikaketi, nikatandika kitenge cha kwanza mezani, chaki mkononi. Nikafungua programu yangu. Ukurasa mweupe! Katikati kulikuwa na mchoro wa kalamu na maneno: Huna kumbukumbu yoyote. Gusa hapa uandike ya kwanza.

Ya kwanza? Mimi niliyeandika miaka na miaka niambiwe niandike ya kwanza?

Nikadhani bado inasawazisha, yaani inashusha vitu kutoka mtandaoni. Nikanunua bando kubwa. Nikasubiri. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasimama. Mweupe. Nikazima simu, nikawasha. Mweupe. Nikaifuta programu yote, nikaipakua upya. Ikaniomba barua pepe na nywila, nikaingiza, ikanikaribisha kwa maua na pongezi kama mgeni. Mweupe!

Nikafunga fremu mchana kweupe, nikarudi mbio Kariakoo. Muuzaji alikuwa anakunywa soda.

"Braza, ile simu yangu iko wapi?"

"Ile ya ufa? Ilishafutwa, ikabadilishwa kioo. Imeondoka na mteja wa mkoani."

"Imefutwa yote?"

"Sasa braza, nimuuzie mtu simu ina picha za mkeo?"

Nilitaka kumkaba. Lakini nimkabe kwa kosa gani? Mwenyewe nilikuwa nimemkabidhi kwa mkono wangu, nikacheka naye, nikampa na asante.

Matumaini yangu yote yakabaki mtandaoni. Nikakumbuka kwamba programu ile niliifungua Johannesburg kwa barua pepe nyingine, ya zamani, niliyoiacha kulekule. Nikaruka kwa furaha! Kumbe nilikuwa nabisha hodi mlango usio wangu. Nikaingiza barua pepe ya zamani. Ikataka nywila. Nikajaribu jina la mama. Siyo. Jina la mama na mwaka wangu wa kuzaliwa. Siyo. Jina la chuo. Siyo. Ikaniambia nimejaribu mara nyingi mno, nisubiri.

Nisubiri! Sendofu haisubiri!

Halafu ikaniletea njia nyingine: ingenitumia namba za uthibitisho kwenye simu yangu. Simu ipi? Laini ya Afrika Kusini! Laini ile nilikuwa nimemwachia Chande, Mtanzania mwenzangu niliyekuwa nikiishi naye. Nikampigia. Mungu mkubwa, laini bado alikuwa nayo, anaitumia kwa wateja wake wa matunda.

"Zikija namba nitumie hapohapo, Chande. Zinakufa haraka."

"Usijali, Sele. Mie mtu wako."

Nikabonyeza. Namba zikamfikia Chande akiwa anampimia mtu maembe. Alipokuja kunitumia, zilikuwa zimeshakufa. Nikabonyeza tena. Safari hii simu yake ilikuwa kwenye chaji ndani. Nikabonyeza tena, akanitumia upesi, lakini umeme wa kwetu ukakatika na intaneti ya jirani niliyokuwa nimeazima ikaondoka nao. Nilipiga meza mpaka mkasi ukaanguka. Rukia, aliyekuwa mlangoni, akauokota.

Mwisho tulifaulu. Mlango ukafunguka. Kiduara kikazunguka, na safari hii kurasa zikaanza kumiminika! Moja, nyingine, nyingine... Nikapiga kelele. Rukia akaja mbio. Tukasoma pamoja.

Bi Thandi, Soweto. Kifua, kiuno, nyonga. Mama Lerato, sketi ya kanisani. Mchungaji, suruali mbili.

Nikateremka mpaka chini. Nikapanda mpaka juu. Hakuna Tunu. Hakuna Mama Tunu. Hakuna mtu hata mmoja wa Dar es Salaam! Ukurasa wa mwisho niliuandika wiki niliyopanda basi kurudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipoelewa, na naomba nanyi mnielewe. Johannesburg nilikuwa natumia intaneti ya bure ya chuoni, kwa hiyo kila nilichoandika kilipanda chenyewe mtandaoni. Niliporudi nyumbani nikaanza tabia yetu ile ya kubana bando. Data nazima. Nikitaka kumtumia mtu picha nawasha, nikimaliza nazima. Tena kwenye programu ile niliingia mwenyewe nikaikataza isitumie data hata ikiwashwa, ili isinilie bando. Nilijiona mjanja! Tangu siku hiyo kila nilichoandika kilibaki ndani ya simu tu. Na simu nikaipeleka mwenyewe ikafutwe.

Dirisha la kuchungulia... Maneno yangu yalinirudia kama kofi.

Je, mtu mwenye akili angefanya nini hapo? Angekwenda kusema ukweli. Mimi nilikuwa na diploma, nisingeweza kusema ukweli. Mama Tunu alipopita kuuliza kazi imefika wapi, nilimwambia cherehani inasubiri kifaa. Akaniamini. Akaniletea na vitumbua.

Kisha nikafanya baya zaidi. Nikajiambia, fundi mzuri ana macho. Umewaona wote, umewashika kwa futi, huwezi kukumbuka? Nikachukua kitenge cha Mama Mkubwa aitwaye Sikujua, dada yake Mama Tunu anayekaa Pugu. Nikafumba macho, nikamkumbuka alivyosimama uani. Nikachora. Nikakata.

Nilipounganisha mbavu za gauni na kulining'iniza ukutani, Rukia aliangalia mara moja tu.

"Baba, hili la nani?"

"La Mama Mkubwa wa Pugu."

"Mama Mkubwa? Hili halimpiti mabegani!"

Alisema kweli. Mkono wangu ulikuwa umemshonea mwanamke mwembamba wa mawazoni mwangu. Na kitenge kile kilikuwa kimekwisha mjini! Niliketi chini ya cheti changu nikalia. Mwanaume mzima wa Kimakonde, nikalia kwa ajili ya gauni; baba mdogo angecheka tena.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Tunu. Nikamkuta anachambua mchele. Nikamwambia yote: simu, Kariakoo, bando, uongo wa kifaa cha cherehani, gauni la dada yake. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana! Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha, ndipo akasema:

"Mama yako alipokuwa anaumwa alikuwa ananiuliza, 'Hivi Selemani akirudi atakuwa mtu wa maneno au mtu wa kazi?' Mie nikawa namwambia, wa kazi. Kila siku namwambia hivyo. Sasa nisiwe nilimdanganya mgonjwa."



Nikamwomba awaite wanawake wote niwapime upya. Akakataa. "Nikiwaita mara ya pili, habari inafika kwa wakwe kabla jua halijazama. Watasema sare za Tunu zimeharibika. Wafuate mmoja mmoja, kimyakimya."

"Na futi?"

"Na futi uingie nyumba za watu peke yako, umshike mtu kiuno mumewe hayupo? Hapana, mwanangu. Siku ile mlikuwa mbele yangu. Omba wakuazime nguo zinazowakaa." Akanitazama. "Nguo ya kipimo, Diploma."

Nilirudi kwenye fremu, nikakibandua kile kibao. Msumari ukabaki peke yake mlangoni. Bi Pili aliniona, akasimamisha cherehani yake.

"He! Kisasa kimehama?"

"Bi Pili, niache leo."

"Sijasema kitu mie, nimeuliza tu."

Ndugu wasomaji, mmewahi kuazima nguo ya mwanamke asiye ndugu yenu? Kwetu nguo iliyovaliwa haitolewi ovyo. Mtu anaogopa. Nguo yenye jasho lake ikiingia mikononi mwa mbaya wake anaweza kuambiwa amerogwa. Na wewe huyo fundi unayeomba, kutwa ulikuwa unatangaza kwamba hupokei!

Nilianzia Tandale, kwa sista Mwajuma anayeuza nyanya sokoni. Nilimvuta pembeni nikamnong'oneza shida yangu. Yeye hajui kunong'ona.

"Jamaniii! Diploma amekuja kuazima madera!"

Soko zima likageuka. Wapagazi wakatua mizigo.

"Si dera, sista, dera halina kipimo. Nataka gauni linalokubana."

Ndiyo nikaharibu zaidi! Wauza vitunguu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mwajuma aliniacha nimesimama juani pale, akanizungushia maneno alivyotaka, lakini aliporidhika alinipeleka kwake akanitolea gauni lake la Idi, amelikunja ndani ya kanga. "Hili ndilo la maana nililonalo," akaniambia, na safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Likipotea, Diploma, usipite tena Tandale."

Vingunguti nilimkosa mwenyeji nikamkuta mumewe, ametoka machinjioni, buti bado zina damu. Nilimsalimia vizuri, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja, bro, unieleze taratibu. Unataka gauni la mke wangu."

"Ndiyo, braza."

"Lililovaliwa."

"Ndiyo."

"Uondoke nalo. Uende nalo Temeke."

"Kulipima tu, braza."

"Si umpime mwenyewe?" Kisha akashtuka na maneno yake. "Hapana, usimpime! Kaa hapohapo."

Akampigia mkewe simu, mkewe akampigia Mama Tunu, Mama Tunu akampigia huyo bwana mwenyewe. Mimi nimesimama kwenye kizingiti kama mtuhumiwa. Mwisho alinitolea gauni amelishika kwa ncha za vidole. "Likirudi na kasoro, tutaonana kazini kwangu," akasema. Sikuuliza kazini kwake tutaonana kufanya nini.

Nyumba baada ya nyumba... Kuna walionifungia mlango nikarudi tena. Kuna aliyenitolea gauni huku akilinyunyizia maji aliyoyasomea dua. Kuna aliyenihubiria habari ya majivuno mpaka miguu ikafa ganzi. Nilimeza yote. Mfuko wangu ukajaa nguo za watu, nguo zao nzuri kuliko zote, maana hakuna aliyekuwa na nyingine inayomkaa.

Pugu nilipaacha mwisho kwa woga.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Nasikia lile sahani lako la simu limekula vipimo vyetu."

"Limekula, mama. Na gauni lako... nimelikata vibaya. Dogo."

Nilimwonyesha. Alilinyanyua, akajipima nalo juu ya kifua, akatazama upande huu na upande huu. Nikangoja matusi.

"Hivi ndivyo ulivyoniona?" akauliza. "Mwembamba hivi?"

"Nisamehe, mama."

"Nisikusamehe kwa nini? Tangu nizae hakuna aliyeniona hivi!" Akacheka mpaka akakaa. Kisha akafuta macho, uso ukabadilika. "Lakini mdogo wangu hataaibika kwa ajili yako, Selemani. Sitakaa kwenye sendofu ya Tunu bila sare. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Akaingia ndani akanitolea gauni la kijani, la mikono mipana, la kizamani lakini zima. Ni la harusi ya mwanaye wa kwanza, akasema, na hajawahi kulitoa nje ya nyumba.

Nilirudi nikashona. Rukia alipiga pasi, akatia vifungo, akatia zipu. Kila gauni la kuazima nilililaza mezani kwa heshima, nikalipima, na kila kipimo nikakiandika kwenye simu, data imewashwa, nikasubiri mpaka nione alama kwamba kimepanda mtandaoni. Na sikuishia hapo. Nikaenda kwa Bi Pili nikaazima kompyuta ya mwanaye, nikaingia kwa akaunti yangu, nikahakikisha kwa macho kwamba kurasa ziko kule. Bando likaliwa. Liliwe!

Gauni la Mama Mkubwa nililifumua mbavu. Nikaongeza vipande virefu vya kitambaa cheusi, kutoka kwapa hadi pindo, nikavidarizi kwa uzi wa dhahabu ufanane na maua. Hapo hakuna programu ya kunisaidia, ni mimi na mkasi.

Sendofu ilifika. Wanawake waliingia ukumbini wakicheza, wote zambarau na dhahabu, hakuna aliyebanwa, hakuna aliyepwaya. Mama Tunu alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akaniona nimesimama karibu na spika, akaitikia kwa kichwa mara moja. Basi. Kwangu ilitosha kuliko cheti.

Mwanamke mmoja wa upande wa wakwe alimsifia Mama Mkubwa gauni lake, akauliza ule mshono wa ubavuni unaitwaje. Nikasali anyamaze. Mama Mkubwa akajibu kwa sauti ya kusikika meza zote:

"Hii siyo fasheni, mwanangu. Hili ni kosa la Diploma!"

Na mpaka leo wanawake wanakuja fremu yangu wakitaka nguo yenye "kosa la Diploma". Nashona. Nifanyeje?

Nilikuwa bado sijamaliza. Mfuko wa nguo za watu ulikuwa unanitazama. Nilizifua kwa mkono wangu, nikapiga pasi, penye mshono uliofumuka nikatia uzi, penye kifungo kilichopotea nikatia kingine. Kisha, siku moja, asubuhi na mapema nikakodi bodaboda tukaanza kuzunguka.

Mwajuma alilikagua gauni lake la Idi mbele ya soko zima, akatangaza kwamba limerudi jipya kuliko lilivyoondoka. Yule bwana wa Vingunguti alilinusa, akaligeuza ndani nje, akaniambia, "Umenusurika, bro," akanipa maini nikampelekee Rukia. Nyumba baada ya nyumba nikarudisha, nikashukuru, nikatoka. Mfuko ukawa mwepesi. Na mimi nikawa mwepesi.

Ndugu zangu mnaosoma, nawasihi. Mkinunua simu mpya, msitoe ile ya zamani mpaka muwe mmefungua mpya wenyewe na kukiona kila kitu kwa macho yenu. Msikubali kuambiwa kitakuja chenyewe. Msibane bando mahali ambapo riziki yenu imehifadhiwa. Andikeni mahali pengine barua pepe mliyofungulia na nywila yake. Na yakiharibika, semeni siku ileile! Siku nilizopoteza nikizunguka na kiduara na kutunga uongo wa kifaa cha cherehani ndizo zilizoliharibu gauni la mama wa watu, siyo simu. Mimi niliyeambiwa sitafika Zambia nilifika mpaka mwisho wa bara. Kilichokaribia kunishinda ni kutembea kutoka kwenye fremu yangu mpaka uani kwa Mama Tunu kusema, nimepoteza.

Jua lilikuwa linaelekea vilima vya Pugu nilipomfikia Mama Mkubwa, wa mwisho. Nilimkabidhi gauni lake la kijani kwa mikono miwili. Alilifungua, akapapasa pindo nililolishikiza upya, akalikunja tena. Kisha akanirudishia.

"Mama Mkubwa, ni lako hili. Nimekuja kulipa."

"Umeshalipa. Sasa nakupa la kukaa nalo. Nikitaka gauni jingine nitatuma kitambaa tu, miguu hii haitaki tena safari za Temeke. Si ndiyo kazi ya nguo ya kipimo?"

"Lakini hili ni la harusi ya..."

"Selemani. Chukua."

Nilirudi nalo kifuani. Nilifungua fremu, sikuwasha hata taa. Ule msumari wa mlangoni ulikuwa bado upo. Nikalitundika pale, lionekane na kila anayepita.